Mtoto katimiza miezi sita: namna ya kumwanzishia chakula

"Shoga, unga gani wa lishe ni mzuri? Wangu anafikisha sita wiki ijayo." Swali hili haliishi, na karibu kila mara ni la unga. Jibu langu huwakera wengi: unga wowote safi, mpya, usio na ukungu. Sembe, dona, ulezi, mtama, mchele, vyote vinafaa. Ninaowaona wakikwama na watoto hapa Dar hawakwami kwa sababu ya unga. Wanakwama kwa sababu mtoto anakunywa uji mwepesi, mtupu, asubuhi mpaka jioni, tumbo limejaa maji na mwili hauna cha kujengea.

Kwa hiyo mwongozo huu unahusu zaidi kinachoongezwa kwenye uji. Ni wa mama anayeanza kabisa, na wa baba, bibi au dada wa nyumbani atakayeshika kijiko wewe ukiwa kazini. Kama mtoto alizaliwa njiti au ana ugonjwa wa kudumu, ongea na kliniki kwanza, ratiba yake inaweza kuwa tofauti.

Kabla ya kuanza

Umri ni miezi 6 kamili, yaani siku 180. Kabla ya hapo maziwa ya mama yanatosha, hata maji hayahitajiki, hata kwenye joto la Februari. Baada ya hapo madini ya chuma aliyozaliwa nayo yanakuwa yamepungua na maziwa peke yake hayawezi kuyafidia.

Tatizo kubwa la hatua hii kwa kawaida ni watu. Mtoto wa miezi mitatu akilia usiku, utaambiwa maziwa yako mepesi, mpe uji alale. Usibishane na mama mkwe wako, hutashinda. Mwambie: "Shikamoo mama. Kliniki wamesema tusubiri afike sita, na nimepanga wewe ndiye umlishe kijiko cha kwanza." Mara nyingi hiyo inatosha, tena utapata mtetezi mbele ya majirani.

Tafuta vitu hivi:

- Kibakuli chake peke yake. Akila kwenye sahani moja na wenzake huwezi kujua amekula kiasi gani.
- Kijiko kidogo laini na kikombe kidogo cha wazi. Chupa ya chuchu achana nayo. Ni ngumu kuisafisha na ni njia rahisi ya kuharisha.
- Sufuria ndogo yenye mfuniko, mwiko, chujio na uma wa kupondea. Blenda si lazima. Umeme ukikatika, uma unaendelea na kazi.
- Maji ya kunywa yaliyochemshwa na kufunikwa, yawe ya bomba, ya kisima au ya madumu.
- Sabuni, na maji ya kumimina ya kunawia mikono. Nawa wewe, mnawishe na yeye.
- Kadi ya kliniki. Mwezi wa sita anapata matone ya vitamini A, wa tisa chanjo ya surua na rubela. Siku hizo hizo anapimwa uzito, na uzito ndio utakaokuambia kama chakula chako kinafanya kazi.

Hatua ya 1: Mwangalie kama yuko tayari

Anakaa ukimshikilia kidogo, shingo imekaza, anafuatisha mkono wako ukipeleka tonge mdomoni, na ukimgusisha kijiko ulimi hausukumi kila kitu nje. Kama ulimi bado unasukuma, jaribu tena baada ya siku mbili tatu. Kunyonya vidole na kutoka udenda si dalili kwamba yuko tayari kula. Wanafanya hivyo tangu miezi mitatu.

Hatua ya 2: Chagua saa nzuri

Saa nne asubuhi ni nzuri. Ameamka, amenyonya kidogo, hana usingizi wala hajafa njaa. Usianze siku ya chanjo au akiwa na homa. Asubuhi ina faida nyingine: chakula kikimletea shida utaiona mchana, wakati zahanati ziko wazi na usafiri upo.

Hatua ya 3: Pika uji mzito

1. Koroga vijiko vitatu vya chakula vya unga, vilivyojaa, kwenye maji baridi kidogo mpaka mabonge yaishe.
2. Mimina kwenye maji yanayochemka, yote pamoja yawe kama kikombe kimoja cha mililita 250.
3. Punguza moto, funika, acha uive dakika 15 hadi 20 huku ukikoroga. Uji usioiva vizuri unamsumbua tumbo.
4. Upime. Chota kwa kijiko kisha ukiinamishe. Uji unatakiwa ung'ang'anie kijikoni na uanguke taratibu kwa pande. Ukimiminika kama chai, rudisha jikoni.

Hapo kwenye kuinamisha kijiko ndipo penye siri. Tumbo la mtoto wa miezi sita ni dogo sana. Bakuli la uji mwepesi linalijaza kabla hajapata nguvu ya maana.

Kama mzito unamshinda kumeza, usiongeze maji. Ongeza maziwa yako uliyokamua, au tumia kimea: unga wa ulezi au mtama uliooteshwa, ukakaushwa, ukasagwa. Tia kijiko kimoja cha chai kwenye uji mzito uliopoa kidogo, koroga, utauona unalegea wenyewe kwenye sufuria. Urudishe uchemke kisha epua.

Na ule unga wa lishe wenye mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama, soya na karanga, vyote mfuko mmoja? Nafaka tano ni kundi moja la chakula, umelilipia mara tano. Mbaya zaidi ni karanga zilizosagwa humo: zina mafuta, zinachacha haraka, na karanga na mahindi ndivyo vinavyoshikwa zaidi na sumukuvu, sumu ya ukungu isiyoondoka kwa kuchemsha. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Saga nafaka moja au mbili, kidogo kidogo, na punje zenye ukungu, zilizosinyaa au kubadilika rangi zitupe. Kuku pia usiwape.

Hatua ya 4: Kijiko cha kwanza

Mkalishe wima mapajani, mgongo umekuegemea, au mtazamane. Usimlaze. Weka uji kidogo kwenye ncha ya kijiko, gusisha mdomo wa chini, subiri afungue mwenyewe. Vijiko viwili au vitatu vinatosha siku ya kwanza. Akikunja uso kama amekula ndimu, ni kawaida. Akigeuza kichwa, mmemaliza, mpe ziwa.

ONYO: Usimbane pua wala usimlazimishe uji kwa kiganja. Najua wengi tumelelewa hivyo na tuko hai. Lakini uji unaweza kuingia kwenye mapafu, na mtoto anayelishwa kwa vita atakuchukia ukishika bakuli tu.

Hatua ya 5: Wiki hiyo hiyo, tia kitu ndani

Usikae mwezi mzima kwenye uji mtupu eti tumbo lizoee. Anachohitaji zaidi sasa ni chuma, na uji wa sembe hauna chuma cha kutosha. Baada ya siku tatu nne za uji, anza kuweka mojawapo ya hivi.

*Dagaa.* Kwa bei yake hakuna kinachomshinda sokoni. Chukua dagaa wa Mwanza au Kigoma, wakavu. Wale wa baharini mara nyingi wamechemshwa kwa maji ya chumvi, waache. Fanya hivi:

1. Chambua, toa vichwa na uchafu wa tumboni. Hivyo ndivyo vinavyoleta uchungu.
2. Waoshe kwa maji ya moto mara mbili tatu. Tazama chini ya bakuli: ukiona mchanga, osha tena. Dagaa wengi wanaanikwa chini.
3. Wakaushe, kisha wakaange bila mafuta kwenye kikaango, moto mdogo, mpaka ukimvunja mmoja anasema "kwa".
4. Twanga au saga, chekecha kwa chujio, weka unga kwenye chupa kavu yenye kifuniko. Tengeneza wa wiki moja tu, hewa ya hapa ina unyevu.

Tia kijiko kimoja cha chai kwenye uji au viazi vya kuponda dakika tano kabla ya kuepua. Harufu itajaa nyumba nzima. Mtoto hana habari na harufu hiyo, anayelalamika ni baba yake.

*Maini.* Chemsha kipande mpaka kiive kabisa, ponda au kwangua kwa kijiko, changanya na ndizi au kiazi. Mara moja kwa wiki inatosha, maana yana vitamini A nyingi sana.

*Nyama ya kusaga.* Hapa mtori unafanya kazi nzuri kuliko uji wowote: ndizi za kupika, nyama iliyosagwa, karoti, kitunguu kidogo, vichemke mpaka vilainike, uviponde. Usimpe supu tu ukaiacha nyama. Chuma kimebaki kwenye nyama.

*Maharage, choroko, kunde, dengu.* Loweka usiku, mwaga maji, chemsha mpaka yavunjike, ponda na upitishe kwenye chujio ili maganda yabaki. Chuma cha mbegu hizi kinaingia mwilini kwa shida kidogo, kwa hiyo mpe na papai, chungwa au embe katika mlo huo huo. Chai inafanya kinyume chake, inazuia. Chai ya maziwa na chapati ya kuchovya imewaponza wengi.

Hatua ya 6: Yai, samaki na karanga, usivicheleweshe

Wapo watakaokwambia yai linamchelewesha mtoto kusema. Halimcheleweshi. Na ile tabia ya kusubiri mwaka kwa hofu ya mzio imeachwa. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kuwa watoto walioonjeshwa karanga mapema walipata mzio wa karanga kidogo kuliko waliozuiwa.

Vianze kimoja kimoja, asubuhi, kiasi cha robo kijiko cha chai, uache siku mbili tatu kabla ya kingine. Yai liive kabisa, kiini na ute, uliponde na parachichi. Samaki mpe changu au kibua, uivunjevunje nyama kwa vidole vyako mwenyewe, mara mbili. Uma hauhisi mwiba, vidole vinauhisi. Papa usimpe: ana zebaki nyingi, na akiwa mkavu ana chumvi kupindukia. Karanga iwe siagi laini iliyokorogwa ndani ya uji, kamwe isiwe punje.

Ukiona uvimbe wa midomo au macho, vipele vya ghafla mwili mzima, kutapika mfululizo au kupumua kwa shida, nenda hospitali hapo hapo. Kama mtoto ana ukurutu mkali wa ngozi, muulize daktari kabla ya yai na karanga.

Hatua ya 7: Mboga na matunda

Boga, karoti, viazi lishe (vile vya rangi ya chungwa), mchicha, matembele, majani ya maboga: chemsha kwa maji machache, ponda, tia nusu kijiko cha mafuta au tui zito. Mboga za majani zikatwe ndogo sana, uzi mmoja wa mchicha unaweza kumkwama kooni. Kisamvu subiri kidogo, na kikipikwa kiwe kimetwangwa na kuchemka muda mrefu, kina sumu kikiwa kibichi. Parachichi, papai, ndizi mbivu na embe hazihitaji jiko, ni za kuponda na kumpa.

Hatua ya 8: Ongeza kiasi na ugumu

Miezi 6 hadi 8: milo 2 au 3 kwa siku. Anza na vijiko viwili vitatu, panda taratibu mpaka nusu ya kikombe cha mililita 250 kwa mlo. Kiwe laini, cha kupondwa.

Miezi 9 hadi 11: milo 3 au 4, nusu kikombe, na kitafunwa kimoja au viwili kati ya milo. Hapa kosa ni kuendelea kusaga kila kitu kwa blenda. Kuanzia mwezi wa nane mpe vipande laini vinavyobonyea kati ya vidole viwili: kiazi, ndizi, ubwabwa ulioiva sana na mchuzi. Asipojifunza kutafuna sasa, akifika mwaka na nusu atakuwa anatema hata wali.

Mwezi wa 12: robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima, chakula cha nyumbani, chake ukikipakua kabla ya kutia chumvi na pilipili.

Ziwa linaendelea muda wote huu, hadi miaka miwili na zaidi. Chakula kinaongezewa kwenye maziwa, hakichukui nafasi yake. Kila siku angalia bakuli lina nini: nafaka au kiazi au ndizi, kitu cha kujenga mwili kama samaki, nyama, yai au maharage, kitu cha rangi. Ukikosa cha katikati siku mbili mfululizo, rudi kwenye chupa ya dagaa.

Hatua ya 9: Ukiwa kazini

Likizo ya uzazi ni siku 84, kwa hiyo wakati mtoto anaanza kula wengi mmesharudi ofisini au dukani. Sheria ya kazi inakupa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Kwa foleni ya Mbagala au Gongo la Mboto kwenda nyumbani na kurudi haiwezekani, lakini unaweza kuomba kutoka mapema au kukamua.

Dada usimwachie maelekezo ya "mpe uji". Pika naye mara mbili. Mwonyeshe kijiko kinavyoinamishwa. Mpimie unga wa dagaa, mwachie saa za kula zimeandikwa, na akuambie jioni bakuli lilibaki kiasi gani. Chakula cha mtoto kisikae nje zaidi ya saa mbili, na siku za joto kali saa moja. Chupa ya chai iliyojaa uji tangu alfajiri hadi saa tisa ni mahali pazuri pa wadudu kuzaliana. Mabaki ya bakulini, ambayo kijiko chenye mate kimeshaingia, hayahifadhiwi hata kama una friji.

Visivyoingia mdomoni kabla ya mwaka

Asali, hata tone, hata kwa kikohozi: inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli ya mtoto mpaka ile ya kupumulia. Maziwa ya ng'ombe kama kinywaji kikuu. Mtindi kidogo au maziwa ya kupikia uji ni sawa. Chumvi, sukari, soda, juisi, chai. Bisi, karanga nzima, zabibu nzima, soseji za mviringo, karoti mbichi na pipi, kwa sababu vinakaba.

Mambo yakikwama

*Anakataa kila kitu.* Chakula kipya kinaweza kuhitaji kuonjeshwa mara nane, kumi au zaidi. Mpe kidogo, ondoa bila ugomvi, rudi kesho. Angalia pia kama ananyonya dakika tano kabla ya kula, au anatafuna biskuti mchana kutwa. Akiwa anaota jino, mpe papai lililopoa.

*Choo kigumu.* Punguza ndizi na mchele, ongeza papai, mboga na maji yaliyochemshwa kwa kikombe kati ya milo. Usimwingize sabuni wala chochote. Choo kubadilika rangi baada ya karoti au mchicha si ugonjwa.

*Anaharisha.* Endelea kunyonyesha na kumlisha, mpe ORS (dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini) na nenda zahanati upewe vidonge vya zinki. Kumnyima chakula eti tumbo lipumzike kunamdhoofisha. Akipona, mwongezee mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili.

*Anakokomoka.* Akikohoa, uso mwekundu, sauti inatoka, mwache apambane, anajifunza. Akikabwa kweli hana sauti, hawezi kulia, midomo inabadilika rangi. Piga kelele mtu atafute usafiri, na wewe mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini kuliko mwili, umpige kwa kisigino cha kiganja katikati ya mabega mara 5. Kisipotoka, mgeuze chali, mkandamize kwa vidole viwili katikati ya kifua, chini kidogo ya mstari wa chuchu, mara 5. Rudia. Usiingize kidole kooni kutafuta kitu usichokiona, utakisukuma ndani.

*Anakula lakini mstari wa uzito kwenye kadi umelala.* Rudi kwenye kijiko: je, uji unang'ang'ania? Ongeza mafuta, siagi ya karanga, parachichi, dagaa, na mlo mmoja zaidi. Mwezi ukiisha mstari bado umelala, au unashuka, usisubiri tarehe ya kliniki. Mpeleke. Na akiwa amelegea, macho yamezama, hanyonyi, anatapika kila kitu au miguu imevimba, mpeleke leo, hata kama ni usiku.